Joto la Lundo la Mkonge

Wakio alibakiwa na siku nne tu. Profesa wake kule Nairobi alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: Ijumaa ikifika kabla hajaleta bakteria anayekula nyuzi za mimea, nafasi yake katika maabara itapewa mwingine. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinangojea kimeng'enya, yaani kile kitu ambacho bakteria hutoa kuvunja nyuzi zikawa sukari, na kiwanda hakina subira na binti wa Werugha.

Lakini jamani, bakteria wenyewe! Wiki mbili kabla, alikuwa amechota udongo chini ya lundo la taka kwenye shamba la mkonge karibu na Voi, akautia katika vichupa vyenye maji ya chumvi na utepe wa karatasi, maana karatasi nayo ni nyuzi za mimea, kisha akapanda navyo nyumbani milimani. Kwao Werugha kitu cha thamani kinachoweza kuharibika huwekwa baridini. Basi akavipanga kando ya maziwa ya mamake, kwenye kona ambayo ukungu huingia bila kupiga hodi. Kila asubuhi alivichungulia. Karatasi zilisimama wima, hazijaguswa, naye akazichukia kabisa.

Jumatatu hiyo alishuka tena shambani na vichupa vyake, amekata tamaa. Selpha Ajwang', mama wa kutoka Nyanza aliyefanya kazi kwenye lundo lile miaka kumi na mmoja, alishika kimoja, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Hii ni baridi kama pua ya mbwa! Wadudu umewatoa kwa moto ukawapeleka kwa ukungu. Wewe ungekula?"

"Moto gani, mama?"

Selpha akazamisha mkono kwenye taka, akavuta gunia la ndizi alizokuwa anaivisha humo. Gunia lenyewe, jipya la mwezi uliopita, lilimkatikia mkononi. "Ona sasa! Kila mwezi ni gunia lingine."

Wakio alishusha pumzi. Gunia ni nyuzi za mkonge, na kuna kitu kilikuwa kimelitafuna! Alichimba zaidi, akatia kipimajoto. Digrii hamsini na tano. Alijiona mjinga, na hajawahi kufurahia ujinga namna hiyo.

Wakafukia vichupa sita pale pale, vitano vyenye udongo mbichi wa lundo, kimoja chenye maji na karatasi tu, bila udongo, ili kilinganishwe. Siku tatu Selpha alilinda lile shimo kama kuku mwenye mayai, akimfukuza kila mtu aliyekuja na jembe.

Alhamisi asubuhi wakafukua. Katika kile kisicho na udongo karatasi ilikuwa nzima. Katika vile vitano ilikuwa uji.

"Bado," Wakio alisema. "Kiwanda kinataka kimeng'enya chenyewe, lazima tukione kikifanya kazi bila wadudu." Walikimbilia shule moja mjini, ambako Mwalimu Crispus aliwafungulia maabara. Wakio akachuja maji mpaka bakteria wote wakabaki juu ya chujio, akayatia karatasi mpya, akayaweka kwenye maji ya moto kwa saa tatu. Mwishowe akadondosha dawa ya kupimia sukari, ya buluu, akachemsha. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha ikageuka nyekundu kama barabara za Voi.

Sukari! Wakio alipiga kelele, Selpha akapiga vigelegele, na mwalimu mzima akaruka ruka mbele ya wanafunzi wake.

Jioni Selpha alimsindikiza stesheni. Alimfunga vichupa tumboni kwa leso mbili, na chupa ya maji ya moto katikati, maana safari hii hakuna mdudu wa kuona baridi. Wakio alipanda treni akitiririka jasho, akicheka peke yake.

Mkagua tiketi aliutazama ule mzigo tumboni, akashusha sauti kwa heshima.

"Ana miezi mingapi, mama?"

"Siku tatu," Wakio akajibu. "Na kesho ataanza kazi."