Picha ya Pili

Mwaka ule wa 1977 Adeke alikuwa na kazi iliyowashinda majirani zake wa Malaba kuielewa: kutafuta nyota mchana. Padre wa misheni alimchukua kwa sababu ya mwandiko wake, aliounoa katika masomo ya jioni. Alimwekea mezani kioo cha kukuzia na picha kubwa za anga zilizogeuzwa rangi, mbingu nyeupe, nyota nyeusi. Adeke alitafuta humo galaksi, ile miji ya nyota yenye mikono iliyojipinda, na kuziorodhesha zenye pete: katikati nyota kongwe, na kuzizunguka, nyota zinazozaliwa.

Siku moja aliandika pete nzuri ajabu. Padre akaleta picha ya pili ya pembe ileile ya anga. Hapakuwa na kitu. Pete ya Adeke ilikuwa tone la maziwa lililokauka, maana alimnyonyeshea mtoto palepale mezani. Padre alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamfundisha kwamba pete haiingii orodhani hadi ionekane kwenye picha mbili. Ikionekana kwenye moja tu, huwekewa alama ya kuuliza.

Adeke aliishika kanuni ile kuliko Padre alivyodhani. Mumewe, Ekisa, alivuka mpaka kwenda Tororo kumtazama dada yake mgonjwa, na huu ulikuwa mwezi wa kumi tangu aondoke. Mchuuzi mmoja alisema aliona askari wakimpandisha kwenye lori. Mmoja tu.

Na mtoto wao alikuwa na miezi mitatu bila jina. Wateso humtajia mtoto majina ya wafu wa ukoo, huku wakimtia mdomoni kidole kilichochovywa kwenye pombe ya nafaka ya wimbi. Analolinyonyea ndilo lake. Alupo, mama yake Ekisa, alikuwa amesema wazi kwamba atamtaja na mwanawe kati ya wafu hao. Mtoto akinyonya, matanga yaanze.

Asubuhi ya siku yenyewe Adeke alimnyonyesha mtoto mpaka akacheua. Kwa shibe hii, alijiambia, kidole cha nani atakitaka?

Alupo akaanza. Kwa Opio mtoto akageuza uso. Kwa Ochom akabana midomo. Kwa Oriokot akapiga chafya, na jirani mmoja akatania kwamba huyu anangoja jina la kizungu. Alupo akachovya tena.

"Ekisa."

Mtoto akanyonya.

"Hiyo ni moja, mama," Adeke akasema. "Padre haandiki kwa picha moja."

"Kwani huyo Padre wako ndiye aliyemzaa Ekisa?" Lakini Alupo akakitoa kidole chake. Akamsogezea kibuyu cha pombe. "Haya. Taja wewe."

Adeke akachovya kidole chake. Akamtaja Opio, akamtaja Ochom. Midomo ya mtoto ilitulia kama imeshonwa. Kisha akalitamka jina ambalo hakuwa amelitoa kinywani kwa miezi kumi. Mtoto akakibana kidole kwa ufizi, akavuta kwa nguvu, macho wazi. Nyuma yake Adeke alihisi mtu amesimama mlangoni bila kubisha hodi, kama alivyozoea kusimama Ekisa arudipo. Hakugeuka.

Alupo alikuwa amejifunika leso usoni.

"Ekisa," Adeke akaita tena, polepole.

Mtoto akaachia kidole, akamtazama, akatabasamu. Kwa miezi kumi, ndiye wa kwanza katika nyumba ile kuliitikia jina lile.