Zulia Halina Kosa

Dada yangu alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, viganja viwili chini, pua imekaribia kugusa zulia. Alivuta pumzi taratibu, akasogea kidogo upande wa dirisha, akavuta tena.

"Hapa," alisema. "Palepale."

Mumewe alisimama mlangoni na utepe wa kupimia mkononi. Alikuwa mpima ardhi, na utepe ule ulikaa mfukoni mwake kama leso inavyokaa mifukoni mwa wengine. Aliuvuta kutoka ukutani mpaka kwenye doa, akasoma, akanigeukia.

"Mita mbili na sentimita kumi. Juzi ile ilikuwa mbili na kumi vilevile. Shemeji, huyu paka amejipimia kiwanja katikati ya sebule yangu. Kilichobaki ni hati tu."

Tulicheka, hata dada akiwa bado pale chini. Paka mwenyewe alikuwa juu ya mgongo wa kochi, anajilamba, kana kwamba mazungumzo yanamhusu mtu mwingine. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya tatu bado tulikuwa tunacheka.

Kazi yangu ni kusafisha mazulia, na hakuna aliyenifundisha. Nilianza na zulia la mama yetu, lililomwagikiwa mafuta ya taa. Nililifua uani kwa brashi ya viatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Tangu hapo nikawa nasoma maandishi ya nyuma ya chupa za sabuni kama wengine wanavyosoma magazeti. Nilikuwa na daftari lenye kurasa zilizogawanywa: chai, wino, damu, matope, matapishi ya watoto. Kila nilipojaribu kitu niliandika nimetia nini, kiasi gani, na kesho yake zulia lilionekanaje. Ndivyo nilivyoipata amonia. Vijiko vinne katika ndoo ya kusuuzia, ile ya mwisho, na rangi zilikuwa zinaamka. Wateja walisema zulia limerudi kama lilivyotoka dukani. Sikumwambia mtu siri ya ndoo ile. Anayejifunza peke yake huwa mchoyo wa kile kidogo anachokijua, na pia hana wa kumwambia kwamba amekosea.

Paka alikuwa wa mama. Mama alimwita Karani, kwa sababu ya kifua chake cheupe kama shati lililopigwa pasi, na kwa jinsi alivyopenda kukalia karatasi mezani, utadhani anangoja muhuri uletwe. Miaka minane alilala chini ya cherehani ya mama. Mama alipofariki, chumba chake kilirudi kwa mwenye nyumba, cherehani nikaichukua mimi, Karani akachukuliwa na dada. Tuligawana bila maneno mengi. Lakini niliona alivyombeba, amemzungushia shali, mkono mmoja umemfunika macho asiione njia, na nikajua kwamba kati yetu wawili yeye ndiye aliyechukua kilichokuwa bado kinapumua.

Doa la kwanza lilikuwa na sababu yake. Asubuhi moja, katika wiki ile ya kwanza, dada aliondoka kwenda kazini posta, akasahau kumwachia wazi dirisha la uani. Karani alifungiwa mchana kutwa. Dada alijilaumu, akanipigia simu, nikaja na ndoo yangu. Niliifanya kazi ile kwa moyo wote, maana ilikuwa nyumba ya dada. Vijiko vinne niliona havitoshi. Nikatia sita.

Baada ya siku nne Karani alirudi palepale, na safari hiyo dirisha lilikuwa wazi. Nikaja, nikaosha. Akarudi, ndiyo siku ile ya utepe. Nikaongeza amonia. Akarudi. Niliandika kila kitu, tarehe na vipimo, na sikuweza kukisoma kilichoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: kwamba kila alipopita Karani, nilikuwa nimetangulia mimi.

Mara ya tano hakuna aliyecheka. Harufu ilikuwa imefika mahali pa kumpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Shemeji hakuwa mtu mbaya, wala hakuchukia wanyama. Nilishamwona akimkatia Karani kipande cha samaki chini ya meza, akidhani hatumwoni. Ila alikuwa amechoka kula chakula madirisha yakiwa wazi na mvua inaingia. Jioni hiyo alisukuma sahani yake pembeni.

"Fundi," alisema, na aliponiita fundi badala ya shemeji nilijua mzaha umekwisha. "Mambo haya wewe ndiye unayeyajua. Ni zulia au ni paka?"

Dada aliacha kutafuna.

Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa neno la kweli na lisingemdhuru mtu. Lakini nilikuwa nimeliosha zulia lile mara tano, na hakuna mteja aliyewahi kuniita mara tano kwa doa moja.

"Zulia halina kosa," nilisema.

"Umesikia," shemeji alimwambia mkewe, kwa upole kabisa.

"Nimesikia." Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akingoja kama nina la kuongeza. Nikajimiminia maji.

Jumatatu yake shemeji alikuwa na kazi ya kupima mashamba, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka mjini, na njiani kulikuwa na ghala la nafaka ambalo mtunzaji wake alikuwa amemwomba paka. Alimpeleka wakati dada yuko kazini. Alidhani anamwepusha uchungu wa kuagana.

Dada hakupiga kelele. Alifua shali, akalikunja, akaliweka kabatini. Kuanzia siku hiyo alimsemesha mumewe yale tu yasiyokwepeka. Chakula kiko mezani. Simu yako inaita. Maji yamekatika. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta wamekaa kwenye kochi moja, kila mmoja kwenye ncha yake, na katikati yao nafasi ya kumtosha mtu wa tatu mnene.

Nilisema moyoni kwamba ni mambo ya mke na mume, yataisha.

Wiki ya nne nilikuwa nyumbani kwa mteja, mkunga mstaafu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Niliinua ndoo ya mwisho, akanizuia kwa kidole.

"Mwanangu, hebu niisogezee hiyo." Akainama, akanusa mara moja, akarudi nyuma. "Siku hizi mnasafishia mkojo?"

"Ni dawa ya kusuuzia, mama."

"Dawa. Mimi nimekaa wodini miaka thelathini na minne. Hiyo dawa yako na mkojo uliolala ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Itoe nje."

Niliitoa. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wake wa nyuma, nikainamia ndoo yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile niliinusa kama mtu ambaye haijui. Kisha nikajaribu kuinusa kama paka.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nilikata vipande viwili vya zulia kuukuu, nikasuuza kimoja kwa amonia na kingine kwa siki, nikaviweka nyuma ya karakana yangu, mahali paka wa mtaani hupita. Kwa siku tisa nilivikagua asubuhi na jioni. Mara saba paka walikojoa, na zote saba ilikuwa kwenye kile cha amonia. Cha siki hakuna aliyekijali, ila mmoja mwenye mkia mfupi aliyekilalia.

Basi nilielewa. Nilichokuwa nikimwaga pale sebuleni, kwa pua ya Karani, kilikuwa barua ya paka mgeni aliyeingia nyumbani mwake. Naye alikuwa akiijibu. Nilimwandikia barua tano, kila moja kali kuliko iliyotangulia, kisha nikatoa ushahidi kwamba yeye ndiye mwenye ugomvi.

Kesho yake, vile vipande vikiwa bado uani, shemeji alipita karakanani. Hakuwa na shughuli yoyote. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akachezea utepe wake, akiuvuta na kuuachia.

"Dada yako hanisemeshi, shemeji. Ananitangazia. Nyumbani kwangu nimekuwa kama abiria stesheni."

"Atapoa."

"Wiki ya sita hii." Aliuachia utepe ukarudi wenyewe. "Najiuliza labda nilifanya haraka. Lakini hata wewe ulisema zulia halina kosa."

"Nilisema," nilijibu.

"Basi," alisema, kama mtu aliyepata pa kuegemea, akainuka akajipangusa suruali.

Nilimtazama akienda. Kisha nikavichukua vile vipande viwili, nikaviosha, nikaanza jaribio upya, eti kuhakikisha. Zile siku tisa za kwanza zilikuwa za uchunguzi. Tisa za pili zilikuwa za woga, na niliziandika kwa mwandiko uleule safi.

Nilikwenda Jumapili mchana, nikijua nitawakuta wote wawili. Sikutaka kumwambia mmoja kwanza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, si kwenye kochi, nikafungua daftari, nikawasomea tangu doa la kwanza. Vijiko sita. Vijiko nane. Tarehe. Yule mkunga. Vipande viwili. Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba shemeji alizima redio.

Nilipomaliza, dada aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Ulijua lini?"

"Siku kumi sasa."

"Na huyu hakuja kwako siku hizo?"

"Alikuja."

"Akakuambia hali ilivyo hapa."

"Aliniambia."

"Ukamwacha aondoke na mzigo wako."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mahali palepale pa mita mbili na sentimita kumi. Nilingoja aseme neno lolote, hata tusi, hata mzaha wake mmoja wa viwanja. Aliinuka, akachukua funguo za gari juu ya kabati.

"Twendeni," alisema. "Ghala linafungwa saa kumi na moja."

Baadaye dada aliliosha lile zulia mwenyewe, kwa siki na maji, siku tatu mfululizo, akanikataza hata kushika ndoo. Karani hakulirudia, na aliishi miaka minne mingine. Mimi bado nasafisha mazulia, na mteja akiniuliza kosa ni la nani, huwa nasema sijui, na nakaa na lile neno muda mrefu kuliko wanavyopenda. Lakini nikimkumbuka Karani sikumbuki zulia. Nakumbuka gari.

Jumapili ile mtunzaji wa ghala alisema yupo, ila si wa kushikwashikwa, na panya anawaweza. Dada alichuchumaa mbele ya magunia, akaugonga ulimi wake mara mbili kama alivyofanya mama, akangoja. Ilichukua muda. Karani alitoka amekonda, sikio moja limechanika ncha, akamzunguka dada mara moja bila kumgusa, kisha akapanda mapajani mwake. Mimi nilibaki mlangoni. Sikuiamini harufu ya mikono yangu.

Nilikuwa nimemletea kikapu chenye kifuniko. Dada hakukitazama. Aliingia mbele, kando ya mumewe, amemkumbatia paka kifuani, juu ya gauni lake la kutembelea. Nilikaa nyuma na kikapu kitupu mapajani. Tulitoka kwenye njia ya vumbi ya ghala, tukaingia barabara kuu.

Kisha dada alisema, bila kugeuza shingo, "Punguza mwendo, anaogopa mashimo."

Barabara ile ilikuwa ya lami mpya, haina shimo hata moja. Shemeji alipunguza mwendo.