Mwenye Jina la Ackroyd

Tabitha aliliweka bakuli la mchuzi wa kondoo mezani kwa kishindo, ukamwagikia kitambaa. Hakufuta.

"Rudia, Baba. Sijasikia vizuri."

"Umesikia," alisema mzee Jabez. "Kuanzia tangazo la ndoa la kesho, Seth ataacha kuitwa Sugden. Ataitwa Ackroyd, na mkishaoana shamba nitamwandikia yeye. Sina mtoto wa kiume. Nikifa hivihivi, jina nalo limekufa."

Seth, mchumba wa Tabitha, alikuwa akitafuna kwa raha zake. "Usinune, Tabby. Si changu ni chako, chako ni changu?"

"Chako kipi? Ulikuja hapa na nini zaidi ya mdomo?"

Mzee akagonga meza, akaanza hadithi yake ileile ambayo bonde lao lote huko Yorkshire, Uingereza, lilikuwa limeichoka, mbwa wakiwemo. Kwamba zamani kilima hiki kilikuwa msitu wa mialoni mitupu. Kwamba babu yao wa kwanza alikipanda na shoka, akafyeka, akalima, na watu wa bondeni walipotaka kumtaja wakasema yule wa kwenye mialoni iliyofyekwa, ndiyo Ackroyd kwa lugha yao ya kale. Jina lilipatikana kwa jasho, tena jasho la mwanamume.

"Na kile kisiki cha mwisho pale juu," Tabitha aliuliza, "nani alikitoa, wewe ukiwa kitandani unakohoa?"

Mzee akajifanya anatafuta chumvi. Jibu walilijua wote watatu. Tabitha alichimba majira ya baridi yote, viganja vikamchubuka, na Seth alikuwa akipita barabarani na kumpungia kofia. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Hapa mchumaji alikuwa mmoja na wa kivulini mwingine. Tabitha alisukuma sahani yake kando. Miaka yote hii ameitwa Ackroyd, kumbe jina aliazimwa tu, akingojewa mwenye ndevu aje kulichukua!

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya tangazo lao la ndoa kusomwa kanisani. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi husimama. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akisimama. Watu hukohoa kidogo, kasisi akafunua ukurasa, ibada ikaendelea.

"Seth Ackroyd, aliyekuwa Sugden," kasisi alisoma, "na Tabitha Ackroyd, wote wa parokia hii. Mwenye kujua kizuizi, aseme."

Tabitha akasimama. "Ninacho."

Kasisi alivua miwani. "Lakini binti, bibi harusi si wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, na simtaki. Huyu anaoa shamba, mimi nimewekwa nyongeza. Basi mke hapati, na shamba hapati. Na jina alirudishe leo, kabla halijamzoea."

Kicheko kilitoka viti vya nyuma. Seth aliiva uso mpaka masikio. Mzee Jabez aliinuka, fimbo mkononi. Hakuwa na ndugu mwingine duniani wa kumwachia shamba hilo, na hilo alilikumbuka akiwa ameshasimama.

"Tabitha Ackroyd!" alinguruma. "Kaa chini!"

Kanisa zima lilisikia.

"Ahsante, Baba," alisema Tabitha, akiketi. "Kumbe mwenye jina unamjua."