Mkasi Kwenye Mstari wa Ndani

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mtu ambaye fundi hakumjua aweke mtandaoni picha ya gauni aliloshona fundi huyo, bega moja limelegea, na chini yake akaandika: "Fundi wa magunia." Watu mia nane wakachangia kicheko. Fundi aliyasoma maoni yao yote, tena na tena, kama mtu anayebonyeza jipu kuona kama bado linauma. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita.

"Dada, iweke ndani hiyo simu," alisema mdogo wake, akipiga pasi.

"Naangalia mara moja tu."

"Mara moja yako imeanza asubuhi."

"Wewe hawakukuita fundi wa magunia."

"Wangeniita ningewashonea wavae."

Fundi alitabasamu, lakini simu akaiacha imeegemea cherehani.

Mezani palikuwa na kitambaa cha zambarau cha mama mjane, jirani yao. Ndicho cha mwisho alichonunuliwa na marehemu mumewe, kikakaa kabatini miaka minne. "Nakuamini wewe, mwanangu," alisema alipokileta. Kilikuwa kidogo, cha kutosha gauni kwa kubanabana. Fundi alikuwa ameshachora kwa chaki mistari miwili: wa ndani wa kushona, wa nje wa kukata.

Akashika mkasi. Simu ikawaka. Kuna aliyeandika kwamba fundi kama huyo afunge duka. Macho yakabaki kwenye kioo, mkono ukaendelea.

Alipotazama chini, mkasi ulikuwa umefuata mstari wa ndani, mbele na nyuma kwa pamoja, maana kitambaa kilikuwa kimekunjwa. Akiba ya mshono, ile nafasi ya kushonea ambayo bila hiyo gauni lisingemtosha mama, ilikuwa sakafuni, nyembamba kama utepe.

"Tutatafuta kinachofanana," mdogo wake alinong'ona.

"Aliyekinunua yuko wapi akakitafute?"

Mama mjane alipokuja, fundi alimweleza yote, hata habari ya simu. Mama alipitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa.

"Hao watu unawajua?"

"Hapana, mama."

"Na mimi unanijua." Hakupandisha sauti. "Nikunjie vipande vyangu."

Alipoondoka, fundi alimwaga vifungo kutoka kwenye kopo, akatia simu, akafunga. Itatoka nguo anayoshona ikishakamilika na kutundikwa, si kabla. Kopo likatetemeka mezani. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakigandamiza. Likatetemeka tena, na tena, na kila mara vidole vyake vilijikunja vyenyewe kutaka kufungua.