Koti la Mhusika

Fundi alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akikunja pindo la suruali ya bwana harusi. Mhusika wa bwana harusi katika mchezo wa mtandaoni alisimama karibu na mlango akisubiri zamu yake. Alikuwa ametoka kwenye simu ya bwana harusi wiki iliyopita, na kwa kuwa kichwa chake kilifika darini, fundi alimwomba ainame asije akavunja taa. Akainama. Buti zake zilidondosha majivu kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile ile.

Majivu hayo fundi aliyajua. Katika ule mji wa mtandaoni ambako watu hujenga na kuishi kwa majina ya kubuni, binti yake alikuwa na nyumba yenye bustani. Mhusika aliichoma, kisha akaandika kwenye ukuta uliobaki matusi kuhusu mwili wa binti, yanayosomeka mpaka leo. Tangu hapo binti alikuwa akila chumbani, mlango umefungwa.

Fundi alitoa pini mdomoni. Alisema hataki makubwa. Anataka tu bwana harusi, shemeji yake, agonge mlango wa binti ule pale na kuomba radhi kabla ya harusi.

Bwana harusi alijitazama kiooni, akavuta tumbo ndani.

"Shemeji, mbona unanionea? Aliyefanya ni mhusika wangu. Mimi nilikuwa nimejilaza zangu kwenye kochi."

Fundi akamgeukia mhusika.

"Mimi, mama, nasogezwa kwa kidole tu," mhusika alijibu kwa adabu, bado ameinama.

Basi radhi ikakosa mwenyewe.

Bibi harusi, mdogo wake fundi, alikuwa akichagua vifungo. Alisema dada yake ana tabia ya kuweka mambo rohoni. Akaongeza kuwa wameshakubaliana: mhusika ndiye atakayesimama kula kiapo. Ana mabega, picha zitapendeza. Bwana harusi atakaa mbele, chini ya feni.

"Na akija kukuumiza, mdogo wangu, mhusika atakuwa nani?"

"Dada, jamani. Pima koti."

Fundi akapanda kwenye stuli, akapima mabega, kifua, kiuno. Nyuma ya mlango uliofungwa kijiko kiligonga sahani. Wote walisikia, hakuna aliyegeuka. Bwana harusi aliomba koti lake liwekwe mfuko wa ndani, wa simu.

Mpaka jioni fundi alikuwa ameunga mgongo na vifua vya koti la mhusika. Akalitundika. Lilikuwa pana, limekaa vizuri, halina mikono. Hiyo angeitia kesho.