Mapazia ya Chumba cha Watoto

Nimeshona mapazia miaka ishirini na sita, na jambo moja nalijua kuliko wanasiasa wote: mtu anayekaa wiki sita hashonewi pazia. Hutundika shuka kwenye misumari miwili, maisha yakaendelea. Pazia lenye bitana ni la mtu aliyekwisha kuamua kuzeekea hapo.

Kwa hiyo bosi alipoingia karakana Jumatatu na oda ya madirisha arobaini, nilisoma vipimo. Kitambaa kizito, bitana nyeupe, marinda ya kutosha. Mzigo ulikuwa unakwenda nchi jirani, ile ile ambayo jeshi letu lilikuwa linajiandaa kwenda kuituliza. Redio ilisema ni wiki sita tu, kulinda raia, basi. Mtangazaji alirudia mgeni njoo mwenyeji apone mara nne kabla ya saa nne asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Kwetu kila pazia hushonewa kitambulisho nyuma ya upindo, chenye jina la chumba, ili anayetundika asihangaike. Majina yalikuja kwenye karatasi. Nikaanza: Mapokezi. Ofisi ya Leseni za Madini. Chumba cha Kulala cha Mkurugenzi. Nilipofika mstari wa kumi na tisa, mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio la cherehani. Chumba cha Watoto, madirisha mawili, kitambaa chenye picha za samaki. Nani huhamishia watoto kwenye vita vya wiki sita?

Na kwenye mkoba wangu kulikuwa na fomu. Mwanangu ni dereva wa malori ya jeshi. Ni mtoto wangu wa pekee, na baba yake alishatangulia. Kwa kanuni zao, mtoto wa pekee wa mjane hapelekwi vitani nje ya nchi mpaka mama yake atie saini. Aliniletea fomu hiyo Jumapili, kaikunja vizuri utadhani barua ya posa, akaomba niirudishe kabla ya Ijumaa. Alitaka kwenda, na hakutaka kwa sifa. Alitaka kwa sababu ya Vifungo.

Vifungo tunamwita hivyo kwa kazi yake ya kushona vifungo kwa mkono, kwenye kiti cha pembeni yangu. Alivikimbia vita vya kule nchi jirani mwaka jana, na mama yake asiyeweza mwendo mrefu akabaki. Mwanangu akinipitia jioni, humsalimu kwanza Vifungo, amwulize kama kuna habari za bibi huyo. Huwa hakuna.

Nilimwonyesha Vifungo ile karatasi. Nilitegemea atawaka. Aliisoma mpaka chini, akarudi kwenye kifungo chake.

"Dada, nyumba yangu ikiwaka moto, sitamwuliza anayeleta maji kama anawamezea mate kuku wangu."

"Na akishauzima, akahamia?"

"Tutagombana naye tukiwa hai."

Nikamtania kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila huyu anakuja na jembe lake, tena anajua pa kuchimba. Alicheka kidogo. Hapo ndipo nilipomwuliza, angekuwa mwanao, ungetia saini? Akakaza kifungo, akakata uzi kwa meno.

"Nisingetia," akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile, "Lakini mama yangu yuko kule."

Alhamisi jioni, nyumbani, nilimwekea mwanangu kile kitambulisho cha chumba cha watoto kando ya sahani yake. Alikitazama akatabasamu. Akaniambia hayo kambini wanayajua, wanataniana nani atapewa lori la kubeba mawe ya thamani.

"Na bado unataka kwenda?"

"Wakubwa wana sababu yao, mama. Mimi nina yangu."

Nilimwambia risasi haibagui sababu. Nilimwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mengine yote ambayo mama husema akiwa ameshikwa na hofu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama mapazia nimeyamaliza.

Nilikuwa nimeyamaliza. Niliona aibu, na aibu kwangu haikawii kugeuka hasira. Nikamwambia sitii saini, leo wala kesho.

"Basi atakwenda mtoto wa nani?"

"Wa mwingine."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Alimaliza chakula, akaosha sahani yake, akaichukua fomu bila saini na kwenda kulala.

Jeshi liliondoka. Wiki sita zikapita, kisha miezi minne, na redio ikaacha kuhesabu. Ilisema mauaji kule yamepungua. Ilisema pia leseni za madini zimetolewa. Niliyaamini yote mawili, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha.

Mwezi wa tano mama yake Vifungo akafika. Dereva mmoja wa lori la jeshi letu alimkuta kando ya barabara, akampandisha mbele, akamvusha mpaka. Safari iliyofuata, lori la dereva huyo lilikanyaga bomu. Vifungo alizipata habari hizo kambini, alipokwenda kutafuta pa kupeleka shukrani. Alinisimulia akilia, na mimi nikalia naye, lakini sikulia machozi yale yale.

Siku aliyomleta bibi karakana kutusalimia, mwanangu alikuwa amekuja kunichukua, amevaa sare. Alimsogezea kiti. Bibi alimshika mkono, akaitazama sare ile kwa muda.

"Na wewe, mjukuu wangu, ulikuwa kule?"

"Hapana, bibi. Mimi nilikatazwa."

Hakusema alikatazwa na nani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Bibi akampapasa mkono.

"Afadhali," akasema. "Mama yako ana bahati."