Somo la Kupiga Kelele

Mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa nimeshachoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, bali ule wa kuamka nao. Nilikuwa mwalimu pekee wa ufundi katika kijiji cha ujamaa jirani na Nyamwaga, na mkutano wa kijiji ulikuwa umeamua kwamba wanafunzi wangu ndio watakaofunga taa za zahanati Jumamosi. Jenereta ilikuwepo, ile ya mashine ya kusaga. Waya ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuniuliza kama vijana wako tayari.

Nilianza kuwafundisha kwa betri za tochi, ambazo haziumi. Waya unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi, unaingia kwenye balbu, unarudi kwenye betri. Ikate njia popote, taa inazimika. Hilo walilishika. Tulipohamia kwenye jenereta niliwapa sheria moja juu ya nyingine zote: ukikamatwa na umeme, piga kelele, "Zima!", na aliyeshika swichi kuu azime bila kuuliza swali. Niliwaimbisha hivyo mpaka koo likanikauka.

Jumatano Mniko, mmoja wa vijana wangu, aliunganisha taa yake, akaacha uzi mmoja wa shaba umechomoza na kugusa kifuniko cha chuma. Alipoishika tu, umeme ukamkamata. Hakusema kitu. Alisimama wima, macho mbele, jasho likimtiririka, nami nimempa mgongo nikiandika ubaoni. Ni Gati, binti aliyekuwa kwenye swichi kuu, aliyeona kwamba vidole vya mwenzake vimeng'ang'ania, akazima kwa akili yake mwenyewe.

"Kwa nini hukupiga kelele?" nilimuuliza.

"Mwalimu, mimi nilitahiriwa Desemba," akajibu, kana kwamba hapo maneno yamekwisha.

Na kwetu Wakurya yamekwisha. Kijana mbele ya kisu hapepesi jicho. Akilia, aibu inaupata ukoo mzima, na atalazimika kutafuta mke mbali. Wenzake walimpigia makofi. Kesho yake nikawakuta wawili nyuma ya mashine wakibishana nani ataushika waya muda mrefu zaidi jenereta ikiwashwa. Niliwachapa. Niliwahutubia. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliona kabisa kwamba Jumamosi, kule zahanati, nitaua mtoto wa mtu, na sikuwa tena na maneno ya kuwaambia.

Ijumaa asubuhi nikamwita Werema, baba yake Mniko. Ni rika langu. Tulitahiriwa mwaka mmoja. Alikuja darasani anang'aa, fimbo begani.

"Nasikia kijana hakutikisika," alisema.

"Alikaribia kufa, Werema."

"Lakini hakutikisika."

Kabatini nilikuwa na jenereta ndogo ya simu ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono. Haina nguvu ya ile kubwa, lakini inakamata. Nikazishika nyaya zake mbili, nikamwambia Mniko azungushe mpini. Umeme uliponipiga nilitoa yowe, lile la kuwaitia watu ng'ombe wakiibwa. "Zima!" Mniko akaachia mpini. Darasa likaangua kicheko, na mimi, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto, ingawa mpango ulikuwa wangu mwenyewe.

Werema hakucheka.

"Unatia aibu rika zima mbele ya watoto! Lete hapa." Akaninyang'anya nyaya, akazikamata. "Zungusha," alimwambia mwanawe.

Mniko akazungusha. Werema alinyamaza, taya limekaza, macho mbele, sawasawa na mwanawe siku ile ya Jumatano. Vijana wakatulia kwa heshima. Mniko akaongeza kasi, amevimba kifua kwa ajili ya baba yake. Kisha akautazama mkono wa baba yake. Ulikuwa umejikunja kwenye waya, mishipa imesimama, unatetemeka kama paja la mbuzi aliyetoka kuchinjwa, na ulikuwa haufunguki.

"Zima!" Mniko akapiga kelele. Aliyekuwa anazungusha ni yeye, hapakuwa na mtu mwingine wa kuzima. "Zima! Zima!" Akauachia mpini kama umemchoma.

Mkono ukafunguka. Werema akakaa kwenye benchi, akaanza kuukanda.

"Nani amekuambia uache?" aliuliza, pumzi fupi.

"Tata, ulikuwa huwezi kuachia," Mniko alimwambia baba yake. Alikuwa analia mbele ya darasa zima, mbele ya Gati, wala hakujifuta. "Na usingesema. Ungekufa hapo hapo, na usingesema."

Hakuna aliyecheka.

Werema aliutazama mkono wake, akamtazama mtoto, akaokota fimbo. Alipofika mlangoni akasimama, ametugeuzia mgongo.

"Kesho ukikamatwa," alisema, "lia hivyo hivyo. Mimi nitakuwa nje ya zahanati, nikisikiliza."